Kikapu Changu, Mfuniko Wake

Chuo kikuu kilipoamua kuwa na sanaa yake, ya kuweka ukutani na kwenye kabati za vioo, kilitenga fedha ambazo nilizihesabu mara mbili, nikidhani labda kuna noti zimegandana. Hazikuwa zimegandana.

Mimi nilikuwa ofisi ya ugavi. Kazi yangu ilikuwa kununua chaki, magodoro ya mabweni, ndoo na fagio, na sifa yangu pale chuoni ilikuwa moja tu: sijawahi kununua kitu kwa bei ya kwanza, wala ya pili. Kamati ya sanaa ilikuwa na wasomi saba, na wote saba walikuwa wanaota vinyago vya mpingo. Niliwaambia kwa fedha hizi tutapata vinyago vitatu, na cha nne tutaonyeshwa picha yake, kwa kuwa bei ya mpingo imeshaharibiwa na watalii. Nikawaambia kwetu Biharamulo, na Ngara jirani zetu, watu wanasuka, wanachonga na kufinyanga vitu ambavyo hakuna mtalii aliyewahi kuvigusa. Isitoshe, tangu watu wahamishiwe kwenye vijiji vya ujamaa, nyumba zimekuwa ndogo na vitu vya zamani havina pa kukaa. Nilisema hivyo kama mtu mwenye huruma, lakini moyoni nilikuwa ninafanya hesabu.

Wakakubali. Mwenyekiti wa kamati, profesa mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinionyesha daftari jipya la mkusanyiko. Lilikuwa na safu nne: namba, kitu, mahali kilikotoka, na mletaji. Akasema chumba kimeshapatikana, na atakayeleta vitu vya maana ndiye huenda akapewa ufunguo, awe mtunzaji. Mimi nilikuwa na miaka kumi na minne ya kuandika majina ya wengine kwenye hati za kupokelea mizigo. Niliitazama ile safu ya nne, nikajua ninataka nini duniani.

Kisha akaniambia sitakwenda peke yangu.

Mwenzangu alikuwa mhadhiri msaidizi wa sanaa, kijana mwenye miguu mirefu, mtoto wa pwani, aliyesoma Ulaya miaka mitatu na kurudi na sanduku la penseli. Aliniita kaka tangu siku ya kwanza, bila kuniomba ruhusa. Hakujua Kisubi, hakujua Kihangaza, hakujua kwamba huku kwetu jioni kuna baridi, akaja na mashati ya mikono mifupi. Nilimhesabia makosa kumi na moja kabla hatujafika Biharamulo. Nilifurahi. Nikasema huyu hatanisumbua.

Tulianzia Nyabusozi. Kule kulikuwa na familia za wafugaji waliohamia kutoka pande za Shinyanga, na mzee mmoja wao alikuwa amekalia kigoda cha miguu mitatu kilichochongwa kwenye gogo moja, cheusi kwa kukaliwa. Fedha haikuwa na kazi kubwa wakati ule, kwa sababu duka la kijiji lilikuwa na rafu na muuzaji tu. Kwa hiyo nilikuwa nimekuja na sabuni ya miche, chumvi na doti chache za khanga, na hivyo ndivyo vilivyokuwa benki yangu. Nilikizunguka kile kigoda, nikamwambia mzee kwamba kina ufa kwenye mguu.

"Ufa huo ni wa mwaka niliofika hapa," alisema. "Hata mimi nina nyufa, na hujaniambia nishushe bei."

Tulivutana mpaka ng'ombe wakarudi kutoka mtoni. Nilikipata kwa nusu mche wa sabuni na chumvi ya kisoda. Nikatembea kuelekea kwenye gari la chuo kama mtu aliyeoa.

Nilipogeuka, mwenzangu alikuwa amekaa chini, penseli mkononi, anamchora yule mzee akiwa amesimama bila kigoda, mkono kiunoni, hasira ya mnada bado iko usoni. Akachana karatasi, akampa. Mzee akaitazama muda mrefu, akaingia ndani. Akatoka na kigoda kingine, kidogo zaidi, cha baba yake, kilichotoka Usukumani kichwani kwa mtu. Akampa bure. Hakukuwa na ufa. Niliangalia mara mbili.

 Asubuhi nikamwambia kwamba si vizuri kuwazoesha watu vya bure. Akaniuliza ni nani aliyezoeshwa, mzee au yeye. Swali hilo nalo nikaliweka kwenye hesabu.

Tulipoingia Ngara na kufika Bukiriro, mimi nilikuwa na vitu thelathini na vinane, yeye alikuwa na vitano. Ungedhani mwenye thelathini na vinane analala vizuri. Lakini kila nilipopanga vyangu nyuma ya gari niliviona jinsi vilivyo: mitungi mizuri, vibuyu vizuri, nyungo tatu zinazofanana kama ndugu. Halafu naviona vitano vyake. Chochote ulichokishika kati ya vile, mkono ulikataa kukiachia. Nilikuwa ninavishika akienda kuoga.

Sasa, Bukiriro palikuwa na mama mmoja aliyejulikana mpaka Biharamulo. Mama yangu mwenyewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema juu ya mishono yake kama wengine wanavyosema juu ya mvua njema. Alisuka vikapu vidogo vya majani membamba, mshono juu ya mshono, kwa sindano aliyoinoa kutokana na spoku ya baiskeli. Kikapu kimoja kilimchukua miezi. Chini kinakuwa cha duara na cheupe, na juu kina mfuniko mrefu uliochongoka kama paa la nyumba za zamani, na michirizi myeusi inaanzia chini kabisa ya kikapu, inapanda kwa kona kona, inavuka kwenye mfuniko bila kukatika, mpaka kwenye ncha. Kuhamia kijijini kulikuwa kumemweka mbali na bonde la majani yake. Alikuwa na kikapu kimoja tu kilichokamilika.

Niliamua kwamba kikapu hicho ndicho jina langu.

Niliamka mapema, nikamwacha mwenzangu amelala. Nilimkuta yule mama uani, na wanawake wanne wamekaa naye wakisuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe unasema kama watu wa Biharamulo."

Nikasema ndiko kwetu. Akautaja ukoo mmoja, nikasema tumeoleana nao, akafurahi, akaniletea mkeka. Mpaka hapo nilikuwa nafanya vizuri. Akatoa kikapu, akaniwekea mbele. Alitaka doti moja ya khanga, miche miwili ya sabuni na chumvi. Ilikuwa bei ya haki. Ninakiri leo kwamba ilikuwa chini ya haki. Lakini mkono wa mtu aliyezoea kukuna haukai kimya. Nilihesabu khanga nilizobakiza, nikazihesabu tena, na nikapata wazo ambalo nililiona la akili kuliko yote ya safari ile. Mfuniko bila kikapu atauweka wapi? Nikichukua kikapu peke yake leo, mfuniko nitakuja kuupata kesho kwa konzi ya chumvi.

"Na bila mfuniko, mama, ni kiasi gani?"

Wale wanawake wanne waliacha kusuka.

"Bila mfuniko?"

"Bila mfuniko."

"Kikapu bila mfuniko ni cha kuwekea vitunguu."

"Basi chuo kikuu kina vitunguu vingi," nikasema.

Mmoja wao alicheka. Mama hakucheka, lakini wala hakukasirika. Aliondoa mfuniko taratibu, akauweka mapajani, akanisukumia kikapu. Mche mmoja wa sabuni, basi. Nikarudi tulikofikia, nikakiweka kikapu mezani mwenzangu akinywa chai, nikamwambia bei. Alikitazama, akasema ni kizuri sana. Kisha akauliza kichwa chake kiko wapi.

Kesho yake nikaenda na konzi ya chumvi. Mama akasema mfuniko hauuzi. Nikaenda alasiri na mche wa pili. Hauuzi. Siku ya tatu nilikwenda na doti ya khanga, ile nzuri, niliyokuwa nimeificha hata kwenye hesabu zangu mwenyewe. Akaishika, akausifu mji wake wa katikati, akaikunja vizuri na kunirudishia.

"Mwanangu," alisema, "kinachokwenda sokoni kinakwenda wazi, kila mtu aone ndani. Mfuniko ninamfunikia mtu ninayemheshimu. Wewe umetaka cha sokoni, nimekupa. Mbona unarudi?"

Jambo lililonichoma ni kwamba nilijua. Nimezaliwa na kukulia kwenye mambo hayo. Mama yangu alikuwa hapeleki unga kwa mzazi aliyejifungua, wala kwa wakwe, bila kufunika. Na aliyekuja kuazima kikapu cha kwenda nacho mnadani alipewa bila mfuniko, na hakuuliza. Mgeni angekosea kwa kutojua. Mimi nilikosea huku najua, kwa sababu ya doti moja ya khanga. Na ile khanga niko nayo mkononi, inanitazama.

Mwenzangu siku hizo zote alikuwa anashinda palepale uani. Hakuomba kitu. Alikuwa amejifunza salamu ya asubuhi ya Kihangaza na akawa anaitoa hata saa kumi jioni, wanawake wakawa wanamngojea aitoe ili wacheke. Alikaa anajifunza kushona. Alikuwa anashona vibaya ajabu. Mama alikuwa anamwachia ashone mpaka mchana, halafu anafumua yote, anamrudishia majani, na yeye anaanza tena kama mtu anayelipwa. Wakampa jina. Mimi, niliyeoleana nao, nilikuwa bado ni yule bwana wa sabuni.

Redio ya katibu wa kijiji ndiyo iliyotuambia vita imefika. Nduli, mtawala wa nchi jirani, alikuwa amevuka mpaka kaskazini, mkoani kwetu kwenyewe. Vijana wa mgambo walianza kuandikishwa, na katibu akatushauri tuondoke mapema, maana barabara zitakuwa za jeshi. Tulikwenda kuaga. Mama akamwita mwenzangu kwa lile jina, akaingia ndani, akatoka na mfuniko. Aliuweka juu ya mikono yake miwili, kama unavyompa mtu mtoto mchanga.

"Mwenzako anatembea na kikapu kiko wazi," akamwambia kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ningeisikia hata kama ningekuwa Burundi. "Nenda ukamfunikie."

Kutoka Bukiriro mpaka Nyakanazi nilikaa na kikapu mapajani, yeye na mfuniko mapajani. Dereva alikuwa mbele peke yake. Sisi wawili tulikuwa nyuma, na shimo likija kila mtu anakumbatia chake. Mara mbili aliniambia, kaka, tuviweke pamoja visije vikaumia. Mara mbili nikamwambia kila mtu ashike chake. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto watano.

Nyakanazi wakati ule ilikuwa njia panda, nyumba za wageni mbili tatu, mama lishe, na malori. Siku hiyo malori yalikuwa mengi kuliko watu. Ofisa mmoja mwenye orodha alitusimamisha, akasoma barua yetu ya chuo kwa heshima, akaturudishia, na kulichukua gari pamoja na dereva wake. Hakutukosea, magari yote ya umma yalikuwa yanahitajika kubeba chakula na askari. Alitupa hata muda wa kushusha. Tukashusha vitu arobaini na saba kando ya barabara, arobaini na kimoja vyangu na sita vyake, na wanajeshi waliokuwa wanapita wakawa wanatuuliza kama tunahama, na bibi yetu yuko wapi.

Mwenye nyumba ya wageni akatupa stoo. Siku ya pili likapatikana lori linalokwenda Kahama, lenye nafasi ya mtu mmoja na kitu cha kubeba mkononi. Kamati ilikuwa inakutana baada ya siku tisa kuamua kama mkusanyiko utaendelea au fedha zirudi. Lazima mmoja afike, na afike na kitu cha kuonyesha. Nilikuwa tayari nimepanga maneno ya kumshawishi, hoja tatu nzuri. Sikupata nafasi ya kuzitumia.

"Nenda wewe, kaka," alisema. "Wewe ndiye unayejua kusema na makondakta. Mimi nitabaki na mizigo." Akachukua mfuniko, akaufunga kwenye shati lake la mikono mifupi, akanipa. "Peleka kikiwa kizima."

Nilimchukia kwa jambo lile. Ninajua si jambo la kuchukia. Lakini ukishindana na mtu miezi miwili, halafu anakuachia ushindi njiani kama anayekuachia gazeti alilokwisha kulisoma, utafanya nini? Nikapanda lori. Kahama, Isaka, halafu treni siku mbili, kikapu kwenye magoti, mfuniko juu yake. Ndani ya treni watu walikuwa wananipisha. Walidhani nimebeba kitu cha mtu aliyekufa.

Kwenye kamati sikutoa hotuba. Nilikiweka mezani kikiwa kimefunikwa. Michirizi ilipanda kutoka chini, ikavuka, ikafika kwenye ncha, na wasomi saba wakanyamaza, jambo ambalo sijaliona tena. Profesa alivua miwani, akaivaa.

"Nani ameleta hiki?"

"Mimi," nikasema.

Lilikuwa neno moja, na nusu yake ilikuwa kweli. Alinisukumia daftari. Nikaandika namba moja, kikapu na mfuniko, Bukiriro, Ngara, na kwenye safu ya nne nikaandika jina langu, lote, na la baba yangu, na la babu. Nilikuwa na mwandiko mzuri. Fedha hazikurudi, mkusanyiko ukaendelea.

Mwenzangu alifika baada ya wiki saba. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota bila mpango. Alikuwa amelala ndani ya ile stoo muda wote, kwa kuwa wapishi wa malori walikuwa wameanza kuulizia vigoda kwa ajili ya kuni. Nilihesabu mizigo ikishushwa, nikarudia. Vyake vitano vilikuwa vyote. Kati ya vyangu arobaini nilivyoacha kilikosekana kimoja, mtungi uliopasuka, na alikuwa ameleta vipande vyake ndani ya mfuko wa unga ili nisije nikafikiri ameuuza.

Akaomba kuona daftari. Nilimfungulia. Alisoma ule mstari wa kwanza. Najua aliusoma, kwa sababu kidole chake kilitembea chini ya jina langu mpaka kwa babu. Kisha akaniuliza kitu kimoja.

"Mfuniko haukulowa njiani?"

Nikasema haukulowa. Akasema vizuri, akaenda kuoga.

Sikulala. Usinifikirie kwamba ilikuwa dhamiri. Dhamiri ninaijua, tumekwishakubaliana bei. Ulikuwa wivu uleule, umevimba. Angenifokea ningemjibu. Angenishitaki ningejitetea, nilikuwa na hoja. Lakini alinyamaza, na kwa kunyamaza akanipita tena, na sasa alikuwa na ukimya mzuri kuliko mwandiko wangu. Kulibaki jambo moja tu ambalo ningeweza kulifanya kabla yake: kusema ukweli. Hilo angalau liwe langu.

Saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa profesa. Nikamweleza yote, mfuniko, vitunguu, khanga, Nyakanazi. Nilieleza vizuri, hata nikajisifu kidogo kwa ubaya. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua droo.

"Alikuja jana jioni," alisema. "Aliniambia nikikusikia unataka kulifuta jina lako, nisikubali. Anasema kikapu ulikipata wewe kwanza, mfuniko ulifuata, kwa hiyo daftari liko sahihi."

Nikamwuliza amesema nini kingine. Profesa akatoa ufunguo, umefungwa kitambaa chekundu.

"Amesema tukupe wewe. Anasema hajaona mtu anayehesabu vitu kama wewe."

Niliupokea. Ningefanya nini, ningeomba punguzo? Nikashuka ngazi, nikapita bustani, nikafika kwenye kile chumba. Yeye alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama mlangoni na kigoda changu chenye ufa chini ya kwapa, ananingoja nimfungulie.